Wanawake wa kikoba wanaotaka kuwekeza katika kampuni changa: wajifunze wapi, na kwa nani?

Katibu wa Uyole

Ndugu wanajukwaa, mimi ni katibu wa kikoba cha wanawake 28 hapa Uyole, Mbeya. Wengi wetu tunafanya biashara ya mpunga, viazi na parachichi, na kwa miaka sita sasa tumekuwa tukinunua hisa kila Jumatano, tukikopeshana, kisha tukivunja kikoba kila Desemba.

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyesomea uhandisi alikuja kikaoni na kipima unyevu alichokitengeneza mwenyewe. Alikichomeka kwenye gunia la mwenzetu anayenunua mpunga Kyela, kikasoma asilimia 18, ilhali mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe karibu na 14. Mama huyo alicheka, kwa kuwa alikwishauma punje kwa meno na kuridhika kwamba zimekauka. Siku mbili baadaye aliupeleka mashineni, na karibu nusu ya mchele ukatoka chenga. Tangu hapo hakuna anayecheka.

Kijana hataki mkopo. Anaomba shilingi milioni 10, naye atupe asilimia 10 ya kampuni yake. Tulipomuuliza rejesho la kila mwezi litakuwa kiasi gani, alijibu kwamba halipo, na hapo kikao kikakwama, maana sisi tunajua riba na rejesho, lakini hatujui kuipa thamani kampuni ambayo haina hata ofisi. Je, ipo njia ya wanawake kama sisi kufundishwa na kulelewa hadi tuwe wawekezaji, badala ya kubaki wakopaji siku zote?

Mhasibu Mstaafu, Iringa

Katibu, niliwahi kushika hesabu za mfuko wa mitaji ya aina hiyo, yaani unaokusanya fedha za watu na kununua hisa za kampuni changa, kwa hiyo nianze na hesabu yenyewe. Milioni 10 kwa asilimia 10 maana yake kijana anasema kampuni nzima, fedha zenu zikiwemo, ina thamani ya milioni 100; kabla hamjaingia anaihesabu kuwa milioni 90. Muulizeni hiyo milioni 90 ameipata wapi. Ameuza vipima vingapi, kwa bei gani, na nani amerudi kununua cha pili? Muulizeni pia itakuwaje akija mwekezaji mwingine na hisa mpya zikatolewa, kwa sababu hapo asilimia 10 yenu itapungua.

Kuhusu kwa nini wanawake kama ninyi huukuta mlango wa uwekezaji huu umefungwa, sababu zake si fumbo. Mfuko wa kawaida huishi miaka 10. Meneja wake hulipwa takriban asilimia 2 ya mfuko kila mwaka kwa uendeshaji, na asilimia 20 ya faida ikipatikana. Hata hivyo hutakiwa kutia fedha yake mwenyewe, mara nyingi asilimia 1 au zaidi ya mfuko, na kuonyesha rekodi ya uwekezaji wake wa nyuma. Asiye na ukwasi wala rekodi hupita wapi? Marekani kwenyewe, kampuni zilizoanzishwa na wanawake peke yao hupata kiasi cha asilimia 2 tu ya mitaji hiyo, na kwa Afrika sehemu kubwa huishia Nigeria, Kenya, Misri na Afrika Kusini. Tatizo ni kwamba pale mezani, fedha zinapoamuliwa ziende wapi, hakuna aliyewahi kupata hasara ya chenga, na asiyeijua hasara hiyo hawezi kuona thamani ya kipima unyevu.

Binti wa Mafinga

Dada Katibu, jihadhari na mafunzo ya hotelini. Nilihudhuria ya siku tatu, nikapewa begi na cheti, na mifano yote ilihusu programu za simu za nchi za mbali. Shirika sitalitaja.

Nilichojifunza kweli nilikipata kwa mzee mmoja wa mbao aliyenichukua kwenda kukagua karakana ya vijana wanaotengeneza mkaa wa vumbi la mbao. Siku ya kwanza alinikalisha pembeni nisiseme neno. Siku ya pili aliniachia daftari la mauzo nilipekue. Siku ya tatu aliniuliza ningeweka kiasi gani, akanitaka niweke kweli, japo laki mbili. Mkataba ule niliusoma mara nne, kwa sababu laki mbili zilikuwa zangu.

Hata Kauffman Fellows ya Marekani, ambayo tangu miaka ya 1990 inalea wawekezaji wa mitaji, huwashika watu wake kwa miaka 2 huku wakiwa kazini. Siku tatu ni semina tu.

Wakili, Njombe

Naongeza tahadhari moja: fedha za kikoba zisiguswe. Kikundi kilicho chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ni cha akiba na mikopo ya wanachama, na fedha inayogawanywa Desemba haiwezi kufungiwa kwenye hisa za kampuni kwa miaka mingi. Wanaotaka kuwekeza wasajili kampuni yao BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa kampuni. Kampuni binafsi ina ukomo wa wanachama 50 na hairuhusiwi kuualika umma kununua hisa zake. Kijana naye asajili yake, maana huwezi kununua asilimia 10 ya kitu ambacho kisheria hakipo. Anaweza pia, akiwa na wenzake, kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri kutoka kwenye ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa vijana, ili asiuze hisa nyingi mapema.

Katibu wa Uyole

Ahsanteni sana. Tumemuuliza. Ameuza vipima 11, na mwenye mashine mmoja wa Ubaruku amerudi kununua cha pili. Hajasajili, lakini ameanza kujaza fomu. Wanawake tisa tumekubali kuchanga laki mbili mbili nje ya sanduku, na bei ya milioni 90 tumemwambia hatujaikubali. Binti wa Mafinga, tafadhali mwulize mzee wako kama anaweza kupanda basi hadi Uyole Jumatano ijayo, akae nasi tukipekua daftari la kijana. Nauli na chakula ni juu yetu.