Fundi wa "uza kwa kilo", leo lazima nimseme

Wakuu, nimefika nyumbani sasa hivi, oili bado imejaa kwenye kucha, na chai yenyewe haipiti kooni. Simtaji jina. Mnamjua. Yule yule wa chini ya mwembe, spana tatu, maneno elfu.

Trekta ni Massey Ferguson 135 ya mwaka 1974, ya marehemu mzee. Injini ikinguruma plau inapanda vizuri. Ukikanyaga krachi mpaka mwisho, plau inaanguka kama gunia lililokatika kamba. Nikampelekea. Hakuchomoa hata stiki ya oili! Akasimama mbele ya dereva na vibarua wangu, akapiga tairi teke, akasema: "Mzee, hili uza kwa kilo."

Kwa kilo, kama chuma chakavu! Trekta lililosomesha watoto saba!

Akasema pampu imekufa. Nikatoa 800,000. Pampu ya 135 imezama kwenye oili chini ya kiti, kwa hiyo ni kung'oa mfuniko wote wa haidroliki (mfumo wa oili unaonyanyua plau). Siku nne, mvua ya kwanza inapita, majirani wanapanda mimi nashika tochi. Kafunga pampu mpya. Tukawasha, plau juu. Krachi chini: puu! Akafuta mikono na kitambaa CHANGU, akasema, "Si nilikwambia uza kwa kilo?"

Jamani, krachi ikifika chini kabisa pampu inasimama. Kinachobaki kushikilia plau ni silinda, vali na sili zake. Pampu mpya ina kosa gani hapo?

Leo kijana mmoja kapunguza oili, kafungua kifuniko kidogo cha ubavuni, kaning'iniza plau, kamulika tochi. (Mkono usiingize humo, kuna shafti inazunguka.) Tukaiona wote: oili inaruka kama bomba la mtaani pale bomba la wima linalotoka kwenye pampu linapoingia kwenye mfuniko. Oringi! Kampira kadogo kama pete ya mtoto, kamekauka, kamekatika. Shilingi elfu mbili. Plau imening'inia tangu saa sita mchana mpaka naondoka, haijashuka hata kidole.

Na huyo mtu kaniambia uza kwa kilo. Mbele ya vibarua.

Jembe_Mbili: Huyo namjua! Shemeji yangu alimwambia "uza kwa kilo" pikipiki ya miezi mitatu.

MkulimaKiteto: Pole mkuu. Ila umetoa laki nane bila kuuliza swali, nawe una kesi yako.

Mama Alizeti: 😂😂 Na kitambaa chako kikaenda.

Dereva Mstaafu: Mdogo wangu, mimi wangu walishusha mfuniko mzima kumbe liva ya PTO (ile shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine) iko nyutro. Kwenye 135 shafti ya PTO ndiyo inazungusha pampu. Ukiiacha nyutro hainyanyui hata kuku.

Jembe_Mbili: Mzee, hiyo liva nani aliiweka nyutro?

Dereva Mstaafu: Tusifike huko.

Mwenye uzi: Liva yangu ilikuwa imeingia! Msinichanganye. Mtu kasema KWA KILO, trekta la marehemu baba!

Fundi Mwenzenu: Na nyie wenye matrekta semeni ukweli. Mnaletewa oili mnauliza ya rangi gani ni rahisi. Juzi nimefungua moja, oili nyeupe kama chai ya maziwa, maji matupu. Gia boksi, difu na haidroliki vinakunywa oili hiyo hiyo, lita kama 30. Halafu lawama kwa fundi.

Mama Alizeti: Afadhali nyie mna oili. Mimi nimeuziwa mbegu, kilo kumi, zimeota mashina sita. Duka mnalijua.

MkulimaKiteto: Lile lenye mlango wa bluu??

Mama Alizeti: Hilo hilo.

Jembe_Mbili: Hata mimi! Leta picha ya mfuko, mama.