Bosi wangu ameuliza: kwa nini si Kisumu?

Kutoka: Nyar Kisumu, Limerick
Jumapili usiku

Ndugu zangu, hamjambo.

Naomba msaada, na muda ni mfupi. Mwaka wa tisa sasa nafanya ukaguzi wa ubora katika kiwanda cha vifaa vya hospitali hapa Limerick. Ijumaa meneja aliniita, nikadhani ni mambo ya zamu. Kumbe kampuni inatafuta mahali Afrika Mashariki pa kufungashia bidhaa, waanze na watu arobaini hivi. Washauri wao wamewaletea Nairobi na Mombasa, basi. Akaniuliza: wewe si mtu wa Kisumu, mbona hakuna aliyetuandikia habari za kwenu? Sikuwa na jibu. Nimemwomba hadi Alhamisi asubuhi nimletee kurasa mbili.

Sitaki kumpelekea picha za ziwa jua likizama. Anataka kujua kama kiwanja kina hati isiyo na kesi, stima inapotea mara ngapi kwa mwezi, kontena litatoka Mombasa kwa njia gani, vijana wa kuendesha mashine watatoka chuo gani, na akipiga simu kaunti, ni nani ataipokea. Mambo ya kodi mimi sijui hata pa kuanzia.

Jana nililia kidogo. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha nguo hadi kikafungwa, na sisi tukasomeshwa kwa samaki ambao mama aliuza soko la Kibuye. Miaka yote hii natuma pesa nyumbani, na wadogo zangu bado wananiuliza habari za visa. Hii ni mara ya kwanza kazi yenyewe inauliza njia ya kwenda kwetu.

Kutoka: Mwana wa Njoro, Aalsmeer
Jumatatu

Dada, hongera kwanza. Lakini usiweke Kisumu peke yake kwenye hiyo karatasi. Weka na Mai Mahiu, kule upande wa Naivasha, na usidhani nasema hivyo kwa kuwa mimi ni wa Nakuru.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilifika Suswa mwaka 2019, na bandari kavu ya Naivasha iko hapo hapo. Kontena linatoka Mombasa kwa treni mpaka mlangoni. Serikali ilitenga ekari 1,000 upande huo ziwe eneo maalum la kiuchumi, na Olkaria, ambako umeme wa mvuke wa ardhini umezalishwa tangu 1981, haiko mbali. Mtu anayeogopa stima kupotea ataisoma sentensi hiyo mara mbili.

Nimefanya kazi ya maua huku Uholanzi muda mrefu, na kila mara Waholanzi huniuliza kwa nini Naivasha ilifaulu. Wanadhani ni vibarua wa bei nafuu. Vibarua wa bei nafuu wako kila mahali. Naivasha ilikuwa na maji ya ziwa, baridi ya usiku inayofaa waridi, na uwanja wa ndege wa Nairobi unaofikika kwa lori la barafu kabla ua halijachoka. Mkulima wa kwanza aliyefaulu alimvuta fundi wa mabomba, fundi akamvuta muuza mbolea, muuza mbolea akamvuta mtu wa maboksi. Aliyekuja wa hamsini alikuta kila kitu kipo. Kisumu inamhitaji huyo wa kwanza, na wa kwanza ndiye mgumu kumpata, kwa sababu yeye hubeba hasara ya kila kitu ambacho bado hakipo.

Na hili nakuambia kwa heshima. Nenda Karagita, pale wafanyakazi wa maua wanapolala. Utasikia Kijaluo na Kiluhya kila kona. Watu wenu waliacha maboma yao Siaya, Busia na Vihiga kufuata mishahara huku kwetu. Mwandikie meneja wako kwamba wafanyakazi wenye nidhamu ya kiwanda wamekwisha kupatikana magharibi. Ila wanaishi mbali na nyumbani, na wengi wangefurahi kurudi.

Kutoka: Mwana wa Webuye, Minneapolis
Jumatatu usiku

Nimesoma, na kwa kuwa mimi ni mhasibu nitashika upande wa kodi na ardhi tu.

Kampuni ya kawaida Kenya hulipa asilimia 30 ya faida. Ikiwa na leseni ya eneo maalum la kiuchumi, kwa sheria ya mwaka 2015, inalipa asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza, kisha 15 kwa miaka kumi inayofuata. Msichanganye na EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje. Hiyo ni ya sheria ya zamani zaidi, inatoa miaka kumi bila kodi ya faida lakini imelengwa kwenye soko la nje. Kama meneja anataka kuuzia hospitali za Kenya pia, leseni ya EPZ itambana. Mwekezaji wa kigeni anayetaka cheti cha mamlaka ya uwekezaji ni lazima aonyeshe mtaji wa dola 100,000. Kwa kampuni yenu hizo si pesa za kutisha. Na kwa kuwa wako Ireland, mwambie mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, hivyo bidhaa inayokidhi masharti ya asili, yaani ya kuthibitisha imetengenezwa Kenya, inaingia kwenu bila ushuru wa forodha.

Ardhi. Katiba ya 2010 inamruhusu mgeni kukodi tu, na mwisho ni miaka 99. Shamba la kilimo lina vikwazo vyake vya bodi ya ardhi. Kwa hiyo, dada yangu, usikubali mjomba yeyote akushawishi uandike shamba la ukoo kwenye hiyo karatasi. Najua simu zimeanza kuingia. Waambie kiwanja ni kile kilichokwisha kutengwa kwa viwanda, na si kingine.

Na hapo niwageukie ndugu zetu wengine humu ndani. Yeyote aliyechukua uraia wa Marekani au Uingereza kabla ya Agosti 2010 alipoteza wa Kenya, kwa sababu katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Haurudi wenyewe. Ni lazima uombe. Mpaka uombe, mbele ya sheria ya ardhi wewe ni mgeni kama huyo meneja. Nimeona familia ikigundua jambo hili siku ya kusaini kwa wakili, na kila kitu kikasimama.

Jingine ni la moyoni. Mji wetu uliishi kwa moshi wa kiwanda kimoja cha karatasi. Pan Paper ilipofungwa mwaka 2009, mwenye nyumba alikosa wapangaji, mama wa vitumbua alikosa wateja, shule ikakosa karo. Mwaka 2024 Wakenya walio nje tulituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na bado pesa hizo hazijazi nafasi ya kiwanda, kwa sababu hulipia karo na dawa na mazishi, halafu mwezi unaofuata unaanza upya. Nawaombea watu wa Kisumu viwanda vidogo kumi kabla ya kimoja kikubwa.

Kutoka: Mzee wa Mamboleo, Kisumu
Jumanne

Binti yangu, mimi nilirudi nyumbani baada ya miaka ishirini na sita Uingereza, nikajenga ghala la baridi. Nitakwambia niliyoyaona.

Stima inapotea, hasa mvua za masika zikianza. Usimfiche. Nilinunua jenereta mwezi wa pili, na gharama ya dizeli nusura inifunge. Sasa nina paneli za jua kwenye paa, na napumua. Andika jenereta na sola kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kiwanja changu cha kwanza kilikuwa na hati mbili, zote zikiwa na mihuri. Niliyemwamini alikuwa dalali wa kanisani kwetu. Tangu hapo sinunui wala sikodi bila kwenda mwenyewe ofisi ya ardhi, na mpimaji niliyemlipa mimi, kisha nakaa na majirani na chifu nikiuliza nani amewahi kulima hapo. Majirani waliniambia kwa dakika kumi jambo ambalo wakili hakuliona kwa miezi mitatu.

Mazuri yapo, tena mengi. Bandari imekarabatiwa, na reli ya zamani kutoka Nakuru imefufuliwa, kama kilomita 217. Uwanja wa ndege uko dakika chache kutoka mjini. Kisumu National Polytechnic inatoa vijana wa umeme na mitambo kila mwaka, Sigalagala kule Kakamega vilevile. Ninaye kijana wa Sigalagala anayetengeneza kompresa ambayo mafundi wa Nairobi waliishindwa. Analala nyumbani kwao na kula chakula cha mama yake, ndiyo maana hajaniacha.

Kutoka: Nyar Kisumu, Limerick
Jumatano usiku

Mzee wangu, kaka zangu, asanteni. Nimeandika, na nawaeleza nilivyoandika.

Nimeanza na habari ya hapa hapa, kwa sababu meneja wangu anaijua tangu utotoni. Shannon iko mwendo mfupi kutoka Limerick. Zamani ndege za kuvuka Atlantiki zilitua pale kunywa mafuta. Ndege za jeti zilipokuja, zikawa na uwezo wa kupita moja kwa moja, na watu wakaona uwanja unakufa. Kina Brendan O'Regan, aliyesimamia huduma za abiria pale uwanjani, hawakungoja. Mwaka 1959 waliweka eneo huru la biashara kando ya uwanja, wakajenga majengo ya viwanda, na baadaye mji mzima wa wafanyakazi. Walimpa mgeni sababu mpya ya kusimama.

Kisumu nayo ilikuwa kituo cha kusimama. Reli ilifika 1901, na mizigo ya Uganda ikashushwa pale kutoka melini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 biashara ya ziwa ilipungua, na sisi hatukupewa sababu mpya. Nimemwandikia hivyo bila kupamba.

Kisha nimeweka majedwali mawili. Mai Mahiu ina treni na nguvu ya umeme. Kisumu iko karibu na wateja: hospitali ya rufaa ya Jaramogi iko mjini, na ng'ambo ya ziwa ziko Uganda na Tanzania. Bidhaa zetu ni nyepesi, sanduku zima linabebwa na mtu mmoja, kwa hiyo kilomita za ziada haziumi kama zingekuwa chuma. Stima nimeieleza kama alivyosema mzee, na bei ya sola chini yake.

Nimeongeza kwamba mkakati wa Ireland wa kuvutia wawekezaji wa 2021 hadi 2024 ulilenga uwekezaji 800, nusu yake nje ya Dublin, na kwamba wakala wao wa uwekezaji hujenga majengo matupu katika miji midogo kabla mteja hajajulikana. Kaunti zetu zisome hapo. Mgeni hanunui ahadi akiwa na mahali pengine penye paa.

Kutoka: Nyar Kisumu, Limerick
Alhamisi mchana

Amesoma yote mbele yangu. Hakuuliza kodi wala hati. Kiwanda kitakuwa na zamu mbili, na nusu ya wafanyakazi watakuwa wanawake, kwa hiyo ameuliza wakitoka saa nne usiku watafikaje nyumbani. Hatukuliandika hilo. Ambaye amepita barabara ya Kibos usiku hivi karibuni anieleze: matatu zinakoma saa ngapi, na taa zinaishia wapi?