Mtoto anakohoa usiku kucha na nyumba nadeki kila siku. Nitumie dawa gani?

Baba Shani: Wakuu heshima kwenu. Binti yangu ana miaka minne. Mchana yuko mzima kabisa, ikifika saa nne usiku chafya mfululizo, macho mekundu, kisha kikohozi mpaka alfajiri. Hospitali wamesema aleji, wakampa dawa, wakatuambia tupunguze vumbi chumbani kwa mtoto. Asubuhi mke wangu anafagia, jioni nadeki mwenyewe kwa blichi, wapi. Dawa gani ya kudekia inamaliza vumbi? Matusi hapana.

Mama Pacha: Pole baba. Ufagio mkavu unarusha vumbi juu, halafu linatua kitandani. Futa kwa kitambaa kibichi, anzia juu ya kabati ushuke. Na blichi punguza, harufu yake tu inamkera mwenye kifua. Usije ukaichanganya na dawa ya choo, inatoa gesi mbaya.

Kibarazani: Sisi tumelalia mikeka, vumbi la Singida, mbona tupo? Watoto wa siku hizi mnawalea kimayai.

Mama Pacha: Wasiokuwepo hawawezi kuja kukujibu humu.

Sindano Butu: Mimi nesi. Kuna vidudu visivyoonekana kwa macho, vinakula magamba ya ngozi zetu na vinapenda unyevu, Dar ndio kwao. Kinyesi chao ndicho kinacholeta chafya. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi joto 60. Godoro lina umri gani? Kuna zulia? Paka? Mende?

Baba Shani: Zulia hakuna, paka hakuna. Mende wa kawaida tu.

Chumvi Mbili: Mende wa kawaida 😂 Nao wanaleta aleji mkuu. Wife wangu alipiga chafya miezi sita, kumbe paka wa jirani anaingia dirishani analala kwenye kapu la nguo zilizofuliwa. Mpaka leo na jirani hatusalimiani.

Sindano Butu: Baba Shani, godoro. Na hapo anapolala kuna nini kingine?

Baba Shani: Godoro la mwaka jana. Kuna na mizigo kidogo.

Sindano Butu: Mizigo gani?

Baba Shani: Belo nne. Nauza mitumba, frem niliiachia kodi ilipopanda. Lakini zimefungwa, ni mbili tu nilizofungua. Na nyingine nimeshalipia, zinafika Jumamosi, kwa hiyo msiniambie nitoe. Nimeulizia dawa ya kudekia.

Mama Pacha: Aliyewahi kufungua belo anajua. Ukikata kamba tu pua inawasha, unapiga chafya kabla hujajua ni gredi gani.

Mpiga Ramli: Ngojeni. Mwezi wa nne huyu aliandika humu anakaa chumba na sebule Mbagala, na mke karudi kwao. Leo mtoto ana chumba chake na mke anafagia? Hii chai.

Chumvi Mbili: Chai ya rangi. Leteni vitumbua.

Baba Shani: Si chai. Mke alirudi, tumeyamaliza. Ni chumba na sebule kweli. Mtoto analala sebuleni nyuma ya pazia. Belo nimezipanga mbili mbili, godoro liko juu yake, nimetandika kitenge mpaka chini. Ukiingia huwezi kujua si kitanda.

Mpiga Ramli: Daah.

Sindano Butu: Zilizofunguliwa ziko upande gani?

Baba Shani: Kichwani.

Sindano Butu: Usiku huu mlaze chumbani kwenu. Kesho likung'uteni godoro nje na mlianike juani. Nguo za belo zilizofunguliwa zitie kwenye mifuko ya nailoni, ufunge midomo, zisilale naye tena. Akianza kupumua kwa kuvuta mbavu, hospitali saa ileile, usisubiri kukuche.

Baba Shani: Chumbani kwetu kuna belo ya tano.

Kibarazani: Hiyo ya tano ni ya nini mkuu? Kama mashuka niwekee mawili, nipo Mtoni hapa.