Tezi dume iliyovimba kwa muda mrefu: vitamini zipi abaki nazo?

kaunta_ya_dawa
Wakuu, naomba maoni. Mwanaume wa miaka 38, maumivu ya msamba na kinena mwezi wa saba sasa. Mkojo umeoteshwa maabara mara mbili kutafuta bakteria, haukuota kitu. Yuko wiki ya tatu ya antibiotiki ya siprofloksasini na amejiongezea zinki mg 50 kutwa mara mbili, vitamini E uniti 400, vitamini D uniti 5,000 na vitamini C mg 1,000 kutwa mara mbili. Kipi abaki nacho?

mizani
Anza na zinki. Inashikana na siprofloksasini tumboni, na kilichoshikana hakifyonzwi, kinaishia chooni. Dawa imezwe masaa 2 kabla ya zinki au masaa 6 baada yake. Chuma, magnesiamu na dawa za kiungulia zenye alumini zina tabia hiyo hiyo. Halafu mg 100 kwa siku ni nyingi mno: kikomo cha mtu mzima ni mg 40, pamoja na ya kwenye chakula. Akiendelea hivyo kwa miezi, shaba haifyonzwi vizuri; damu inapungua, miguu inakufa ganzi, na kuna watakaodhani ni upungufu wa chuma, wamwandikie chuma kisichomsaidia.

Wauzaji hupenda kusema tezi dume imejaa zinki. Ni kweli, na iliyoshambuliwa na bakteria kwa muda mrefu huwa nayo pungufu. Ila ya kumeza hupandisha kiwango cha kwenye damu, majimaji ya tezi yanabaki vile vile.

nyonga_na_misuli
Vitamini E atupe leo. Utafiti wa SELECT uliwafuatilia wanaume zaidi ya 35,000; matokeo ya 2011 yalionyesha waliopewa uniti 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa 17% zaidi ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Vitamini D apime kwanza. Chini ya ng/ml 20 ana upungufu, atibiwe huo, na kidonge kiende na mlo wenye mafuta. Kama kiwango kiko sawa, uniti 5,000 za kila siku hazina kazi, tena zinapita kikomo cha 4,000. Vitamini C kwa kiasi hicho huwaunguza wengine kwenye kibofu, na kwa wanaume huongeza mawe ya figo. Mtu analalamika mkojo unachoma, kumbe ni kidonge.

Linalonisumbua zaidi ni huo mkojo ulioteshwa. Ulikuwa wa katikati tu, yaani uliokingwa baada ya ule wa kwanza kumwagwa? Bakteria waliojificha kwenye tezi hawaonekani hapo. Chombo cha kwanza kikusanye mkojo wa katikati, tezi ikandwe kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kisha chombo cha pili kipokee mkojo wa mwanzo baada ya kukandwa, kama ml 10. Linganisheni. Akiwa na homa msikande kabisa, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu. Na akiwa bado kwenye antibiotiki, jibu la "hakuna kitu" halina uzito.

Chombo cha pili nacho kikiwa safi, antibiotiki hazina cha kuua. Hapo achunguzwe misuli ya sakafu ya nyonga. Mara nyingi imekaza kama kamba.

mizani
Na ajaze dodoso la dalili la NIH-CPSI kabla hajabadilisha chochote. Alama ni 0 hadi 43. Abadilishe kitu kimoja, ajaze tena baada ya wiki 6. Zikishuka 6 au zaidi, kuna nafuu ya kweli. Akibadilisha vinne kwa mpigo hatajua kipi kimemsaidia.

kaunta_ya_dawa
Asanteni. Ana pia kidonge cha nywele chenye biotini mg 10, na kipimo chake cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ni wiki ijayo.

mizani
Biotini aisimamishe siku 3 kabla. Kwenye baadhi ya mashine biotini hushusha namba ya PSA kwa uongo, wakati tezi iliyovimba huipandisha. Damu itolewe kabla ya kukanda tezi, isiwe baada.