Naombeni ushauri: mwenye zamu anataka bluu tulivu, mimi nashona rangi kali

RangiZaKirumba (mleta uzi)

Habari zenu wapendwa. Niko Mwanza, nashona mablanketi ya viraka kwa mabaki ya vitenge ninayochukua kwa mafundi. Tuna kikundi cha kina mama kumi. Tunacheza mchezo kama ule wa fedha, ila badala ya hela tunapeana miraba ya viraka. Kila mwezi kila mmoja anashona miraba mitatu ya inchi 12, yote inakwenda kwa mwenye zamu. Inakuwa miraba 30, na ukiipanga mitano kwa sita inaenea kitanda cha tano kwa sita. Mwenye zamu anatangaza mapema anachotaka, na kijumbe anapokea na kukagua vipimo.

Zamu ijayo ni ya mama mmoja mtu mzima, tunamheshimu sana. Ameomba bluu na nyeupe peke yake, kazi iliyotulia. Hataki maua makubwa, hataki ndege, hataki yale macho ya vitenge. Sasa hayo ndiyo hasa ninayoyashona mimi! Kazi yangu ukiiona unaijua: haradali ubavuni mwa zambarau, vipande visivyolingana upana, na mstari mwembamba mwekundu unaopita pembeni. Nimeutafuta mkono huu kwa muda mrefu na naupenda.

Nikishona bluu iliyonyooka, nahisi nitampa kitu ambacho yeyote angempa. Nikishona ya kwangu, itakaa kitandani kwake miaka na miaka akiitazama bila kuipenda. Mwenzetu mmoja ananiambia hii ni zawadi, na zawadi haichaguliwi. Mwingine anasema fuata alivyosema, basi. Sitaki kumvunjia heshima mama wa watu, na mkono wangu pia sitaki kuupoteza. Mliozoea kushonea wengine, mnafanyaje?

Fundi_Buzuruga

Mpe bluu, dada. Keshasema anachotaka na kakisema waziwazi. Mimi mtu akiniambia gauni lifike chini ya goti, silipandishi kwa sababu napenda fupi.

Mama_Mkolani

Fundi, hapo sikubaliani nawe. Wewe una mteja anayelipa, huyu dada yuko kwenye mchezo. Angetaka miraba 30 inayofanana angeshona mwenyewe, au angenunua shuka la dukani. Raha ya mchezo ni mikono kumi tofauti kukutana kwenye blanketi moja. Someni habari za kina mama wa Gee's Bend kule Alabama, Marekani. Walishona kwa jinzi na nguo za shamba zilizochakaa, mistari imepinda, miraba haifanani, na mwaka 2002 mablanketi yao yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha makumbusho ya Whitney, New York. Wangekuwa watu wa kunyoosha kila kitu, nani angewajua leo? Dada, weka mkono wako.

Bibi_Cherehani

Mama Mkolani, mfano wako mzuri, lakini tazama walishona kwa ajili ya nani. Wale kina mama walikuwa wanafunika watu wa nyumba zao wenyewe. Blanketi la nyumbani kwako lipinde upendavyo. Hili litalala kwenye kitanda cha mwenzake.

Mleta uzi, mwanangu, mimi naona umefunga mlango kabla ya kuugusa. Mama kakupa rangi mbili. Hajakupa mchoro, hajakwambia vipande vilingane. Rangi mfuate moja kwa moja, kisha upinde vipande vyako kama kawaida yako, upana huu na ule, ndani ya bluu hiyo hiyo. Atapata utulivu wake na wewe mkono wako utaonekana.

Bluu nayo ni nyingi. Nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, chambua mashati ya ofisini ya wanaume: mistari myembamba, drafti ndogo, bluu iliyofifia kwa kufuliwa. Hakikisha ni pamba. Chomoa uzi uuchome: pamba inaacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Shati moja kubwa linakutosha vipande vingi.

Vitenge vya bluu usivitupe. Ua kubwa ukilikata vipande vya inchi mbili halionekani tena kuwa ua, inabaki rangi inayotembea tu. Na vile vitenge vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja, vigeuze. Mgongo wake umepauka, na mara nyingi ndiyo rangi hasa anayoitafuta mtu wa kazi tulivu. (Kitenge cha waksi chenyewe kinafanana pande zote mbili, hicho hakikusaidii.)

Ukishapanga vipande, vipige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Hapo unaona kipi cheusi mno na kipi cheupe mno. Mara nyingi kinachomsumbua mtu anayesema kazi "inapiga kelele" ni weusi na weupe kukaa bega kwa bega kila mahali, kuliko rangi yenyewe. Sogeza bluu za kati ziwe nyingi, mraba unatulia hata kama mistari yako imepinda yote.

RangiZaKirumba

Bibi, shikamoo, na asante sana. Hili la mgongo wa kitenge sijawahi kulifikiria kwenye miraba. Vipi kuhusu mstari wangu mwekundu? Nikiuweka mwembamba kabisa, mmoja kwenye mraba mmoja kati ya ile mitatu?

Bibi_Cherehani

Marahaba. Nyekundu inapendeza, sikatai. Kuna mraba wa Wamarekani wa siku nyingi, vipande vinazunguka kama magogo ya nyumba, na katikati wengi waliweka nyekundu. Husemwa ni moto wa jikoni. Lakini mwekundu mmoja ndani ya miraba 30 ya bluu ndio jicho litakaoukimbilia kwanza, kila siku, hata uwe mwembamba vipi. Kwa hiyo usimshtukize. Mpelekee kipande mkononi, umwoneshe, umuulize. Akisema hapana, ni hapana. Mwekundu wako unao kwenye kazi zako nyingine zote.

Fundi_Buzuruga

Naongezea kwa upande wa kitambaa. Nyekundu na bluu iliyokolea zote zinachuja. Loweka kila kimoja peke yake pamoja na kitambaa cheupe kabla hujakata. Cheupe kikibadilika rangi, fua tena mpaka maji yatoke safi. Blanketi la mama lenye nyeupe nyingi likichujiwa mara moja, kazi ya watu kumi imeharibika.

Kijumbe_Mstaafu

Nimeendesha michezo ya namna hii, na ugomvi mwingi nilioamua ulitokana na maelezo mafupi ya mwenye zamu. "Bluu tulivu" kila mtu anaisikia kivyake. Mwambieni kijumbe wenu: mwenye zamu akate vipande vidogo vya rangi anazozikubali, avipige picha, na aseme pia asichokitaka. Halafu nyeupe inunuliwe kitambaa kimoja, mgawane. Nyeupe kumi za maduka kumi, nyingine inavuta njano, nyingine kijivu, ndizo zinazofanya blanketi lionekane la kuokoteza. Nyeupe ikiwa moja, mikono kumi inaweza kutofautiana sana na bado ikakaa pamoja.

Mama_Mkolani

Hili la nyeupe moja nimelikubali. Bado nasema asijifiche, lakini kama mama hajakataza kupinda, basi nimepata nilichokuwa nakitetea.

RangiZaKirumba

Mrejesho, wapendwa. Nimekwenda kwa mama na vipande mkononi. Nyekundu ameikataa palepale, kwa upole. Mistari iliyopinda ya mashati ameishika muda mrefu, akaniuliza kama naweza kumshonea miraba yote mitatu hivyo hivyo. Mgongo wa kitenge ameupenda kuliko uso wake. Kijumbe naye amekubali nyeupe inunuliwe ya pamoja. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea, na sasa nataka nikate vizuri. Fundi, mistari ya kupinda huwa inanipunguzia mraba. Nikate vipi ufike inchi 12?

Fundi_Buzuruga

Usikate kwa kipimo cha mwisho. Unganisha vipande mpaka upate kitu cha inchi 13 na nusu hivi, piga pasi kwa kukandamiza bila kuvuta, ndipo upunguze kuwa 12 na nusu kila upande. Hiyo nusu ni robo inchi ya mshono kila ukingo. Ikishaunganishwa na mingine inabaki 12 kamili. Robo yako iangalie sana. Ukishona kwa tatu ya nane ya inchi (3/8) badala ya robo, mraba wa vipande tisa tu unapungua nusu inchi, na wewe una mistari mingi kuliko hiyo. Kingo zilizokatwa mshazari zinavutika, kwa hiyo jitahidi ukingo wa nje wa mraba ufuate uzi wa kitambaa.

Na mwambie mama aongeze pindo la inchi tisa au kumi kuzunguka, maana 60 kwa 72 inafunika juu ya godoro tu, haishuki ubavuni.