Uwanja wa mtaa umezungushiwa mabati usiku mmoja, tuanzie wapi? Naomba ushauri

Mkungu Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Jumapili asubuhi nimetoka kufuata chapati kwa mama mmoja anayeuzia chini ya mti wa mkungu, pembeni ya uwanja wa mtaa wetu. Nimemkuta barabarani, meza kaiegemeza kwenye nguzo ya umeme, na mkungu wenyewe uko ndani ya mabati. Uwanja mzima, usiku mmoja. Nguzo ni mirunda mibichi, zege la chini halijakauka, na kwenye zege mojawapo kuna alama ya kandambili ya mtoto. Nadhani alikuja na mpira wake kama kawaida. Bango la mradi hakuna, namba ya kibali hakuna. Yupo kijana mmoja kakalia ndoo, ukimuuliza anasema yeye ni mlinzi tu.

Ofisi ya mtaa wanasema ni "mradi wa maendeleo": zinajengwa fremu thelathini za maduka, mapato yatasaidia mtaa. Mkutano wa wananchi uliopitisha jambo hilo hakuna anayeukumbuka.

Mtaa siutaji, wanaonijua watanijua. Ni upande wa viwanja vya ule mradi wa miaka ya 70 uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kwa hiyo hatukujibanza, tulipimiwa. Wazee wamenipa ukatibu wa kamati kwa sababu "nimesoma" (nimesomea uhasibu, ila nani anasikiliza). Nimeandika barua kurasa mbili: uwanja upo tangu hatujazaliwa, wachezaji waliotoka hapo, maturubai ya misiba na harusi yanafungwa hapo, Idi watu wanaswali hapo.

Inatosha? Naipeleka kwa nani? Na mwenye historia ya viwanja vya wazi hapa Dar anisaidie, nataka barua iwe na uzito. Povu ruksa, ila ushauri kwanza.

Shabiki wa Mchangani

Weka picha mkuu.

Mzee wa Mkanda

Kijana, barua hiyo ni nzuri ya kusoma msibani. Pale ofisi ya ardhi wataipokea, wataisifia Kiswahili, kisha wataiweka chini ya nyingine.

Nimepima viwanja mpaka nikastaafu. Maeneo ya mradi ule, Sinza, Kijitonyama, Mikocheni, yalichorwa mezani kwanza ndipo tukaingia na vyombo. Kila kipande kilipewa matumizi yake kwenye mchoro: makazi, shule, soko, zahanati, eneo la wazi. Basi nenda idara ya mipangomiji ya halmashauri yenu, omba kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lenu na ramani ya upimaji iliyofuata. Andika namba ya mchoro, namba ya kitalu, namba ya kiwanja. Ukilipia nakala dai stakabadhi. Wakikwambia faili halionekani, usigombane na binti wa mapokezi. Rudi na barua ya maombi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Mafaili yana tabia ya kuonekana baada ya muhuri.

Ukikuta pameandikwa eneo la wazi, ofisi ya mtaa haina mamlaka ya kupageuza. Kubadili matumizi ya ardhi ni suala la halmashauri na Wizara ya Ardhi, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Na ukikuta pameandikwa kitu kingine, heri ulijue wewe kwanza kuliko kusomewa mbele ya umati uliouita mwenyewe.

Fremu Nne

Mimi nasema msichotaka kusikia. Huo uwanja usiku nani anautumia? Wavuta bangi na wapora simu. Mvua zikinyesha ni bwawa la mbu. Fremu thelathini ni vijana thelathini wana kazi, achilia mbali mafundi. Nina fremu nne sehemu nyingine, kabla hatujajenga palikuwa dampo, leo pana taa usiku kucha. Tusiutukuze udongo mtupu.

Mkungu Mkavu

Mkuu Fremu Nne, kuhusu bangi sikukatalii. Ila ulipojenga, ulijenga usiku?

Fremu Nne

Hapo umenikamata.

Binti wa Gerezani

Kaka, umeomba historia, vuta kiti.

Dar haikuacha maeneo wazi kwa mapenzi. Chukua Mnazi Mmoja. Wakoloni waliugawa mji kwa rangi za watu: Uzunguni huku, Uhindini hapa, Waafrika Kariakoo kule. Katikati ya Uhindini na Kariakoo Waingereza wakasafisha ukanda, usikaliwe na mtu, wakisingizia afya. Ndiyo Mnazi Mmoja hiyo. Ukanda wa kututenga ukaja kuwa uwanja wa mikutano ya TANU, na leo mnara wa Mwenge wa Uhuru umesimama hapo hapo. Mimi nikipita pale nacheka peke yangu.

Bustani ya mimea pale Samora nayo haikuanza kwa ajili ya kupigia picha za harusi. Wajerumani waliianzisha 1893 chini ya mtaalamu wao Stuhlmann, kujaribu mazao yatakayowaingizia fedha. Imemegwa miaka nenda rudi, lakini ile minazi ya Shelisheli bado ipo. Nenda kaitazame siku moja, halafu hesabu majengo yanayoichungulia.

Kitu kitakachokusaidia zaidi ni mpango wa jiji wa 1949, uliochorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb. Ulitaka mabonde ya mito na vijito yaachwe bila kujengwa, yawe njia za upepo wa bahari kuingia mjini, na vitongoji vitenganishwe kwa maeneo ya wazi. Ubaguzi ulikuwemo humo humo, hilo tusifiche. Ila hoja ya upepo ilikuwa ya kweli, waulize wanaolala vyumba vya Manzese mwezi wa Februari. Baada ya hapo tukapata Mpango Kabambe wa 1968 na wa 1979, yote miwili na makampuni ya Kanada, halafu kimya kirefu mpaka huu wa sasa wa 2016 hadi 2036. Sensa ya 1967 ilikuta jiji lina watu 272,000 na ushee. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika kimya hicho ndipo viwanja vingi vya watoto vilipoota kuta.

Mkazi wa Zamani wa Jangwani

Binti umeongea. Sisi tuliokaa bondeni hiyo "njia ya upepo" tuliijua kama njia ya maji. Desemba 2011 nilimbeba bibi yangu mgongoni, maji kifuani, godoro linaelea linatufuata nyuma kama mbwa. Wengine wakapelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, mimi nikarudi bondeni, njaa haina ramani. Sasa kuna mradi wa Bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia iliupitisha 2022, na ndani yake kuna bustani kubwa ya jiji hapo hapo tulipokuwa tunalala. Siupingi. Ila najiuliza, jiji linatafuta mamilioni ya dola kutengeneza bustani moja bondeni, huku vibustani mia vilivyokuwepo tayari vinafungwa mabati usiku. Mtoto wa mtaa wako atapanda mwendokasi kwenda kucheza kombolela Jangwani?

Shabiki wa Mchangani

Na nauli ampe nani. Picha bado mkuu.

Wakili wa Kijiweni

Mambo ya sheria kwa ufupi, maana naona mtu atakuja kukwambia "kimbilia mahakamani" kana kwamba ni kituo cha daladala.

Ukitaka kuishtaki serikali, na halmashauri imo, unatoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi. Siku 90 fremu zimeshapakwa rangi. Ndiyo maana kuna maombi ya zuio la muda Mahakama Kuu wakati notisi inasubiri, sisi tunayaita Mareva. Hayaendi kwa machozi, yanaenda kwa nyaraka, kwa hiyo unarudi kwenye mchoro wa Mzee wa Mkanda. Pili, wewe katibu huwezi kushtaki kwa niaba ya mtaa mzima kwa kuwa tu wazee wamekupa cheo. Mahakama inatoa ruhusa ya kesi ya uwakilishi, na itataka majina na sahihi za mnaowawakilisha. Anza kuzikusanya sasa, kila mtu na namba ya nyumba.

Ila kabla ya yote hayo, mwandikie Mkurugenzi wa halmashauri swali moja tu: ujenzi huu una kibali, na kama kipo ni namba ngapi? Nakala kwa diwani na kwa mkuu wa wilaya. Kurasa mbili za kumbukumbu weka kiambatisho. Kama hakuna kibali, kusimamisha ujenzi ni kazi yao, hauhitaji hata kunilipa mimi.

Mama Naima

Mdogo wangu, na mlinzi wa mabati msimpige. Naona huko vijana wanavyojikusanya. Sisi kwetu walichoma mabati, kesi ikawa ya uchomaji, uwanja ukasahaulika.

Mkungu Mkavu

Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi na moja.

Barua ya mstari mmoja kuhusu kibali imepokelewa, muhuri upo. Siku ya nne ujenzi umesimama, sijui ni barua au ni kwamba saruji imeisha, yule kijana wa ndoo hayupo tena. Sahihi tunazo 212. Vijana nimewatuliza, asante Mama Naima, mmoja alikuwa na kiberiti kweli.

Mchoro nimeuona. Faili lilionekana siku ya pili baada ya muhuri, mzee wangu shikamoo. Sasa sikilizeni. Tulichokuwa tunaita uwanja ni vipande viwili. Upande wa magharibi umeandikwa eneo la wazi, wino umefifia lakini unasomeka. Upande wa mashariki, wenye goli moja na mkungu, pameandikwa soko. Soko halikuwahi kujengwa, sisi tukacheza mpira juu yake miaka arobaini na kitu. Nilikaa kwenye benchi la pale ofisini nikawa sijui nicheke au nilie. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na neno "uwanja mzima" mara saba.

Fremu Nne

Soko si ndiyo fremu hizo hizo?

Wakili wa Kijiweni

Soko la umma ni soko la umma, fremu za mtu binafsi ni habari nyingine. Uliza nani anapangisha na fedha inaingia akaunti ya nani. Na nusu ya magharibi mabati hayana kazi hapo hata dakika moja.

Mzee wa Mkanda

Marahaba kijana. Sasa usiseme "magharibi" kwa kuelekeza mkono. Tafuta bikoni. Ni zege dogo la mraba lenye chuma katikati, huenda limefukiwa na mchanga. Mpaka wa vipande viwili lazima una bikoni kila kona. Chukua mpima mwenye leseni azithibitishe, msichimbe wenyewe, kuing'oa ni kosa.

Mkungu Mkavu

Tumepata mpima, anakuja Jumamosi. Moja tayari inajulikana. Mama wa chapati anasema kwenye shina la mkungu kuna zege lenye chuma, miaka yote ndilo analowekea jiko.