Ushauri: Muuguzi mpya wodi ya wazazi, wenzangu hawanipi ushirikiano

Nesi_Mgeni

Shikamooni wakubwa, habari zenu wote.

Mimi ni Afisa Muuguzi Msaidizi, nina diploma. Nimepata ajira halmashauri moja ya huku kusini na nimepangiwa wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya. Bado niko kwenye miezi 12 ya majaribio, sijathibitishwa kazini. Kazi naipenda kutoka moyoni. Kinachoninyima usingizi ni wenzangu.

Wodi yetu ina wauguzi wa cheti ambao wako pale miaka mingi, sisi wachache wa diploma, na wahudumu wa afya. Mwanzoni nilipokelewa vizuri, nikawa naambatana na dada mmoja ananielekeza. Nilipoanza kupangwa zamu zangu mwenyewe mambo yakageuka.

Kubwa kuliko yote ni ripoti. Anayetoka zamu ananiambia "wote wazima, soma mafaili", anachukua mkoba anaondoka. Usiku mmoja nilipokea wodi, kuna mama wa kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege. Dozi ya kuendeleza ni kila saa 4, na kwenye chati ya dawa dozi ya mwisho haikuandikwa saa. Nampigia aliyetoka, hapokei. Namuuliza niliyepangwa naye, ananijibu, "Si wewe ndiye msomi? Tafuta." Nikamwita daktari wa zamu, tukampima yule mama pumzi, rifleksi za goti na mkojo, daktari akaamua. Mama alitoka salama na mwanawe. Lakini kulipokucha maneno yaliyozunguka wodini ni kwamba nawachongea wenzangu kwa madaktari.

Mengine: nikimwomba mhudumu apeleke sampuli maabara anasema hajaajiriwa na mimi. Usiku mwenzangu anaingia chumba cha wauguzi kulala, naachwa leba peke yangu. Wikiendi na sikukuu karibu zote ni zangu.

Je, niende kwa matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini? Niombe kuhamishwa wodi? Au ninyamaze mpaka nithibitishwe? Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi hii.

Kijana_wa_Upasuaji

Pole sana dada. Usinyamaze, ila usianzie kwa matroni. Anza na inchaji, yaani msimamizi wa wodi. Ukimruka, hata kama una haki, yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kukukasirikia.

Mkunga_Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole.

Kwanza nikwambie, kwa yule mama ulifanya kilichotakiwa. Magnesiamu haichomwi kwa kukisia. Pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liitikie, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, na kalisiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Ukikosa uhakika unaita mtu. Atakayesema umechongea, mwache aseme, maana yule mama ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Sasa ripoti. Acha kupokelea ripoti mezani. Fika mapema kidogo, vaa, kisha mwambie anayetoka kwa heshima zote, "Dada, twende tuwaone wagonjwa kabla hujaondoka." Mzunguke kitanda kwa kitanda. Ni vigumu sana mtu kukukatalia mbele ya mama aliyelala pale na ndugu yake ameshika chupa ya chai. Kwa kila mgonjwa fungueni chati ya dawa pamoja: kapewa nini, saa ngapi, inayofuata saa ngapi, damu inatoka kiasi gani, kizazi kimekaza, mkojo umepita, mtoto ananyonya? Ukikuta pengo, mwambie aandike palepale kalamu ikiwa mkononi mwake. Usimwambie "hukuandika". Mwambie "naomba unijazie saa hapa, nisije nikamzidishia". Maneno hayo ya pili hayamvui mtu nguo.

Wasio hatarini pita nao haraka. Ukitaka umkague kila mmoja nusu saa, mwenzio ana daladala ya kuwahi na watoto wa kupikia, kesho atakukimbia.

La mwisho ni huyo aliyekuita msomi. Mfuate akiwa peke yake, wakati wa chai, siku ambayo wodi imetulia. Usimpeleke kikaoni kabla hujamwona ana kwa ana. Mwambie tukio moja tu, lile la magnesiamu. "Dada, usiku ule niliogopa. Nilikuuliza kwa sababu wewe umewahudumia wengi wa namna ile kuliko mimi. Nikikuuliza tena jambo la mgonjwa, naomba unijibu, mengine tutayamaliza baadaye." Halafu nyamaza umsikilize. Inawezekana anayo ya kwake.

Nesi_wa_Cheti

Mimi niseme upande wa pili, maana nimeufanyia kazi miaka mingi.

Mnapokuja wapya, sisi ndio tunawaonyesha kuweka kanula kwa mama aliyepungukiwa damu, mishipa haionekani. Tunawaonyesha jinsi ya kumtuliza mama anayepiga kelele bila kumfokea. Mwezi ukiisha mshahara wenu uko juu ya wetu. Muda kidogo mbele, uliyemfundisha anawekwa kuwa inchaji wako, na anakuita kwa jina lako kavu kama mliosoma darasa moja. Hayo yanauma, na hakuna kikao cha wodi kinachoyazungumza. Kwenda kujiendeleza kunataka ada, ruhusa na mtu wa kukaa na watoto. Wengi wetu miaka imepita hivyo hivyo.

Sisemi hivi kumtetea mtu anayeficha saa ya dawa. Mgonjwa hahusiki na mishahara yetu na hilo silikubali hata kidogo. Nasema ili ujue hasira hiyo ilikuwepo kabla wewe hujafika. Ukimwomba akufundishe jambo analoliweza, utaona sura inabadilika. Na ukishafundishwa, sema mbele ya wengine kwamba fulani ndiye aliyekuonyesha.

Nesi_Mgeni

Asanteni sana. Mama mkunga, hilo la kitandani nitalianza zamu ijayo. Dada wa cheti, nimekusoma zaidi ya mara moja. Chuoni tulifundishwa ngazi za watumishi kama muundo tu. Hakuna aliyetuambia kuna watu wanaumia ndani yake. Nawasalimu wote kwa "shikamoo" na "dada", lakini sijawahi kukaa na yeyote kati yao nikamuuliza ameanzaje kazi hii.

Mjomba_Hekima

Binti, nyamaza uthibitishwe kwanza. Tathmini yako inapita kwa hao hao unaotaka kugombana nao. Mwaka si mrefu.

Inchaji_Wodi

Mjomba, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Mambo ya zamu na wikiendi anaweza kuyavumilia. Mama anayechomwa dawa bila saa kuandikwa hawezi kumsubiri athibitishwe. Leseni aliyopewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga ni ya kwake, na likitokea la kutokea swali litakuwa "wewe uliyekuwa zamu ulifanya nini", awe amethibitishwa au la.

Mimi ni inchaji, kwa hiyo nikwambie mdogo wangu ninavyopokea malalamiko. Mtu akija akasema "fulani ananichukia, fulani mvivu", sina la kufanya. Nitawaita, watakana wote wawili, na wodi itagawanyika. Akija akasema "tarehe fulani, zamu ya usiku, mgonjwa wa magnesiamu hakuandikiwa saa ya dozi, naomba tukubaliane kukabidhiana kitandani", hilo nalibeba, naliweka kwenye kikao cha wodi kama utaratibu wa wote bila kumtaja mtu. Umenipa suluhisho na hujaniomba nimwadhibu mtu.

Kuhusu ratiba, omba kuiona ya miezi iliyopita, kisha uliza lini wikiendi zitazunguka. Mara nyingi mgeni anajazwa wikiendi kwa sababu ndiye asiye na mtoto wa kuuguza wala ruhusa ya masomo, na baadaye aliyepanga anasahau kubadilisha. Uliza kabla ratiba mpya haijabandikwa ukutani. Ikishabandikwa kila mtu ameshapanga safari zake.

Inchaji asipokusikia, ndipo uende kwa matroni au patroni, kisha Mganga Mfawidhi, halafu Muuguzi Mkuu wa Wilaya. Kama uko TUGHE, chama chetu cha wafanyakazi, mwakilishi wa tawi anaweza kukaa nawe kikaoni. Baraza liache kwa mambo ya maadili ya kazi, usilipelekee ugomvi wa chumba cha chai.

Mtu_wa_Maabara

Naongezea kuhusu sampuli. Wahudumu wengi hawakatai kazi, wanakataa namna wanavyotumwa. Anapiga deki, anasukuma kitanda, anabeba nguo za damu, halafu watu watano wanamtuma sehemu tano kwa wakati mmoja. Mpe sampuli ikiwa tayari, jina limeandikwa kwenye chupa na fomu imejazwa, umweleze ni ya nani na kwa nini ina haraka: "Huyu mama ametoka damu nyingi, tunataka kujua kundi lake aongezewe." Nimeona wahudumu wakija mbio kwa sababu wamejua wamebeba nini. Na ikiwa ni ya dharura, piga simu maabara tuwe tunaisubiri.

Sista_wa_Mombasa

Salamu kutoka Kenya, na huku mambo ni yale yale.

Naongea juu ya kuandika. Kuwa na daftari lako dogo, uandike tarehe, saa, uliomba nini, ulijibiwa nini. Majina ya wagonjwa yasiingie humo, na usitie neno "mvivu" wala "jeuri". Kwenye faili la mgonjwa andika yanayomhusu mgonjwa peke yake: "Saa ya dozi ya mwisho haikuonekana kwenye chati, daktari wa zamu ameitwa saa fulani, ameagiza hivi." Faili si mahali pa kumshtaki mwenzako. Watu wakianza kushtakiana mle, kila mtu ataogopa kuandika ukweli.

Usiku: mgawane kazi mnapoingia, kabla hajachoka. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inataka mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Ukiwa na akina mama wanne wenye uchungu, peke yako huwezi, hilo halina ubishi. Mwambie mapema, "Mimi nianze leba, wewe wodi ya waliojifungua, saa nane tubadilishane. Akianza kusukuma mmoja nakuita, mtoto anataka mtu wake na mama naye wa kwake."

Nesi_Mgeni

Narudi kuwapa mrejesho.

Ripoti ya kitandani nimeianza. Mmoja alikataa, akasema anawahi gari. Wengine wamekubali, na mmoja amegundua mwenyewe dripu ya mama imekauka, akaibadilisha kabla hajaondoka. Inchaji ameahidi kuliweka kwenye kikao.

Yule dada nimekaa naye wakati wa chai. Hakuomba radhi na sikumwomba aombe. Amenisimulia kwamba aliomba ruhusa ya kwenda kusoma ikakataliwa kwa upungufu wa watumishi, mwaka ule ule waliporipoti wapya wa diploma. Juzi alinishika mkono akanionyesha namna ya kuukanda mfuko wa uzazi wa mama aliyekuwa anatoka damu. Kwenye ripoti ya asubuhi nimesema ni yeye aliyenionyesha.

Kulala usiku bado. Nilipendekeza saa nane, akakubali, muda ulipofika hakutoka.

Mkunga_Mstaafu

Umeanza vizuri mwanangu. Mwamshe. Mgonge mlangoni kila saa nane, usiku huu na unaofuata, umweleze hali ya kila mama aliyeko leba. Akija na chati mkononi, mpe mmoja awe wake mpaka asubuhi, jina lake liandikwe kwenye patografu. Asipotoka na kuna mama yuko tayari kusukuma, mpigie simu msimamizi wa zamu palepale, usingoje kuche, kisha umwambie mwenzako umepiga na kwa nini.